Kushika Dini Ugenini: Uingereza, Ujerumani au Ufaransa?

Tangu Kenya ilipotia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 kuhusu wauguzi, na mengine na Ujerumani mnamo Septemba 2024 kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi, mazungumzo ya kuhamia Ulaya yamekuwa ya kawaida katika nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa na Eldoret. Na kwa Watanzania, Warundi, Wakongo na Wangazija, njia za masomo, ndoa na hifadhi zimekuwa zikiwapeleka huko kwa miaka mingi zaidi. Familia hupima mshahara, viza, lugha na baridi. Dini hupimwa mwisho, au haipimwi kabisa, kwa dhana kwamba mtu huondoka na imani yake kifuani na kufika nayo salama popote aendapo. Ninaandika ulinganisho huu kwa sababu sikubaliani na dhana hiyo. Nchi hizi tatu zinatofautiana sana katika nafasi zinayomwachia mwenye dini, na tofauti zenyewe hukaa katika mambo ambayo mgeni hayaoni mpaka yamfike: ratiba ya shule, fomu ya usajili, kanuni ya mavazi kazini.

Serikali isiyo na dini si jambo geni kwetu. Kifungu cha 8 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba hakutakuwa na dini ya taifa, na Watanzania wamekua wakisikia kwamba serikali haina dini lakini watu wake wana dini. Kilicho kigeni ni jamii ambayo nusu ya pili ya kauli hiyo imepungua nguvu. Katika sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales, waliojitaja kuwa Wakristo walikuwa asilimia 46.2, wakashuka chini ya nusu kwa mara ya kwanza, na asilimia 37.2 walisema hawana dini yoyote. Nyumbani sehemu kubwa ya dini ya mtu hubebwa na watu wengine bila yeye kutambua: adhana ya alfajiri humwamsha hata asiyetaka kuamka, jumuiya ndogondogo humjia nyumbani zamu yake inapofika, ustadhi wa madrasa hutuma mtoto kuuliza mbona fulani hajaonekana tangu Jumatatu. Ughaibuni hakuna anayemkataza mtu kusali, ila pia hakuna anayemuuliza kama amesali. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: katika kazi zote ambazo majirani na wazee walikuwa wakikufanyia, ni zipi ambazo nchi unayokwenda itakuachia muda na mahali pa kuzifanya mwenyewe?

Shule

Nianze na shule, kwa kuwa mtoto hukaa huko saa nyingi kuliko anazokaa na wazazi wake akiwa macho, na hapa ndipo nchi hizi zinapoachana zaidi.

England ina kanisa la taifa. Mfalme ndiye kiongozi wake mkuu kisheria, na maaskofu wake 26 wana viti katika baraza la juu la Bunge. Karibu theluthi moja ya shule zinazogharimiwa na serikali huko ni za kidini, nyingi zikiwa za Kanisa la England na za Kikatoliki, na chache sana za Kiislamu. Mzazi Mkatoliki anayetafuta nafasi katika shule yenye waombaji wengi ataulizwa cheti cha ubatizo, na mara nyingine barua ya padri kuthibitisha kwamba familia huhudhuria Misa. Kwa hiyo vyeti vya ubatizo vya watoto vifungashwe pamoja na pasipoti, visibaki kabatini kwa bibi. Shule za serikali zinatakiwa na sheria kuwa na ibada ya pamoja kila siku, ingawa nyingi za sekondari haziitekelezi, na mzazi ana haki ya kumwondoa mtoto wake katika ibada hiyo na katika somo la dini. Sare hupangwa na shule yenyewe, na hijabu huruhusiwa katika shule nyingi. Lakini mzazi asidhani kwamba kila mlango uko wazi: mwezi Aprili 2024 Mahakama Kuu mjini London iliunga mkono shule moja iliyokuwa imewakataza wanafunzi kusali sala zao katika eneo la shule. Ni busara kuuliza kabla ya kuandikisha.

Ujerumani imechagua njia nyingine kabisa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Msingi, yaani katiba ya nchi hiyo, kinalifanya somo la dini kuwa somo la kawaida katika shule za umma, likifundishwa kwa mujibu wa mafundisho ya dhehebu husika na likitolewa alama kama hisabati. Mtoto wa Mlutheri kutoka Moshi anaweza kukaa darasani Munich, katika shule ya serikali, akafundishwa dini ya Kiprotestanti na mwalimu anayelipwa na serikali, huku mwenzake Mkatoliki akiwa chumba cha pili. Jimbo la North Rhine-Westphalia lilianza kufundisha somo la Uislamu kwa mtindo huo mwaka 2012. Utaratibu huu hauko sawa nchi nzima: mjini Berlin somo la dini ni la hiari, na somo la maadili lisilo la dini yoyote ndilo la lazima katika madarasa ya sekondari tangu mwaka 2006. Anayetaka shule imsaidie katika malezi ya dini atazame kusini au magharibi mwa nchi kabla ya kuangalia Berlin.

Kuna jambo moja la Ujerumani ambalo wazazi wetu wengi hushtuka wakilisikia. Kwa sheria ya mwaka 1921, mtoto aliyetimiza miaka 14 huamua dini yake mwenyewe, na kuanzia miaka 12 hawezi kuhamishiwa dhehebu jingine bila ridhaa yake. Umri huo unakaribiana na umri wa kipaimara. Kwa vijana wengi wa Kijerumani kipaimara kimekuwa sherehe ya kuagana na kanisa, zawadi zikishapokelewa. Mzazi aliyezoea kuona kipaimara kikimwingiza kijana kwenye kwaya na umoja wa vijana lazima ajue mapema kwamba huko wengine hawatarudi Jumapili inayofuata, na mtoto wake atawaona.

Ufaransa ndiyo ngumu zaidi kwa mtazamo wa kwanza. Sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 ilitenganisha makanisa na serikali: Jamhuri inahakikisha uhuru wa dhamiri, lakini haitambui, hailipi mishahara wala haitoi ruzuku kwa ibada yoyote. Katika shule za umma somo la dini halipo. Sheria ya Machi 2004 inakataza alama za dini zinazoonekana wazi katika shule hizo, hijabu na kilemba cha Masingasinga vikiwemo pamoja na misalaba mikubwa, na mwaka 2023 serikali iliongeza katazo la abaya. Vyuo vikuu havihusiki. Shule binafsi zilizo chini ya mkataba na serikali, nyingi zikiwa za Kikatoliki, hulipiwa mishahara ya walimu kwa sheria ya mwaka 1959 na hutakiwa kupokea watoto wa imani zote. Sheria ya 2004 haizihusu, na kila moja ina kanuni yake ya mavazi.

Hata hivyo Ufaransa ina mambo mawili ambayo wahamiaji wetu hawayatumii vya kutosha. La kwanza ni Jumatano. Sheria ya elimu ya mwaka 1882 iliyoondoa dini madarasani iliacha siku moja ya wiki ili wazazi wanaopenda wawafundishe watoto dini nje ya shule. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, ikahamishiwa Jumatano mwaka 1972, na mpaka leo shule nyingi za msingi hufungwa Jumatano, mchana kutwa au kuanzia adhuhuri. Katekesi nyingi hufanyika siku hiyo, na madrasa hufunguliwa siku hiyo. Mtoto wa London huingia madrasa jioni akiwa amechoka na shule. Mtoto wa Marseille anaweza kuingia asubuhi akiwa na akili mpya. La pili ni Alsace na Moselle, yaani Strasbourg, Metz na miji inayozizunguka. Maeneo hayo yalikuwa chini ya Ujerumani mwaka 1905, kwa hiyo sheria ile haikuyagusa: mapadri, wachungaji na marabi wanalipwa na serikali hadi leo, na somo la dini la Kikatoliki, Kiprotestanti na Kiyahudi limo katika shule za umma. Familia ya Kikristo kutoka Bujumbura au Bukavu yenye uhuru wa kuchagua mji ingefanya vyema kuliweka hilo mezani. Mwislamu kutoka Mayotte naye atahisi tofauti kwa upande mwingine: kisiwa chake kimekuwa mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011, wengi wa wakazi wake ni Waislamu, na sheria ya 1905 haitumiki huko, akifika bara hukuta Ufaransa nyingine.

Kwa wanaofikiria kumfundisha mtoto nyumbani badala ya shule, England inaruhusu, Ufaransa inadai kibali tangu sheria ya Agosti 2021, na Ujerumani haikubali kabisa.

Fomu ya Ujerumani

Anayehamia Ujerumani husajili makazi yake katika ofisi ya mji, na katika fomu hiyo huulizwa dini yake. Wengi hujaza kwa uaminifu bila kujua kwamba jibu hilo ndilo linalowaingiza katika kodi ya kanisa. Mkatoliki na Mprotestanti wa makanisa makubwa ya nchi hukatwa asilimia 9 ya kodi yake ya mapato, na asilimia 8 katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg. Hesabu hiyo hufanywa juu ya kodi, wala si juu ya mshahara: anayelipa kodi ya mapato euro 500 kwa mwezi atakatwa euro 45, au 40 akiwa Bavaria. Mwislamu hakatwi, wala Mlokole ambaye kanisa lake haliko katika utaratibu huo. Yeye atatoa zaka na sadaka kama alivyozoea.

Wapo wanaoshauriana mtandaoni kuandika kwamba hawana dini ili kuokoa fedha hiyo. Ninawaomba wasifanye hivyo. Kujitoa kisheria katika kanisa, ambako hufanywa mbele ya msajili wa serikali au mahakama, si jambo la karatasi tu kwa Mkatoliki: kwa agizo la maaskofu wa Ujerumani la mwaka 2012, aliyejitoa hapokei sakramenti, isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa, wala hawezi kuwa msimamizi wa ubatizo. Na hata kwa yule ambaye hakujitoa bali alikana tangu mwanzo kwenye fomu, nakiona kitendo hicho kuwa kizito kuliko euro 45. Mtu amefika nchi ambayo hakuna atakayemuuliza habari za imani yake kwa miezi, na mara moja tu serikali inapomuuliza, anajibu kwamba hana. Anayeona kodi hiyo ni mzigo asioumudu achague nchi nyingine akiwa bado na nafasi ya kuchagua.

Kazini

Kwa muuguzi Mwislamu anayevaa hijabu, swali hili karibu limejijibu. Ufaransa inamtaka kila mtumishi wa umma asionyeshe dini yake, na hilo linahusu hospitali zote za umma, kuanzia daktari hadi mfanya usafi. Ujerumani hali hutegemea mwajiri: sehemu kubwa ya hospitali, nyumba za wazee na shule za chekechea ziko chini ya mashirika ya makanisa, na mwaka 2014 Mahakama ya Kazi ya Shirikisho ilikubali kwamba hospitali ya kanisa inaweza kumkataza mfanyakazi kuvaa hijabu. Mahakama ya Haki ya Ulaya nayo iliamua mwaka 2017 kwamba kampuni binafsi inaweza kukataza alama zote za dini, mradi kanuni iwe ya wote. Uingereza hijabu ni ya kawaida wodini, na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlinda mfanyakazi dhidi ya ubaguzi wa kidini.

Mkristo asidhani kwamba suala hili halimhusu. Mnamo Januari 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, ilitoa hukumu moja iliyohusu wafanyakazi kadhaa wa Uingereza: mfanyakazi wa shirika la ndege aliyekatazwa kuvaa msalaba kazini alishinda, lakini muuguzi aliyetaka kuvaa msalaba wa mkufu wodini alishindwa, kwa sababu za usalama wa wagonjwa na wahudumu. Anayekwenda kufanya kazi ya hospitali na ana rozari au msalaba asioutoa shingoni aelewe kwamba hapo hata Uingereza haitamsaidia.

Saa za sala na siku ya ibada

Aliyezoea magharibi ya Mombasa au Unguja, ambayo haitofautiani sana mwaka mzima, atahitaji muda kuzoea. Katikati ya Desemba jua la London huzama kama saa 9:52 alasiri, Berlin saa 9:53, lakini Paris saa 10:54, kwa kuwa Ufaransa inatumia saa ya Ulaya ya kati ilhali iko magharibi zaidi. Maana yake ni kwamba mtoto wa London anayetoka shule saa 9:30 alasiri ana adhuhuri na alasiri ndani ya saa za masomo, na muuguzi wa zamu ya mchana, anayeingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 2 usiku, ana adhuhuri, alasiri na magharibi zote kazini. Mwezi Juni hali hugeuka: isha ya London hupita saa 5 usiku na alfajiri huingia kabla ya saa 9. Mapumziko marefu ya mchana ya Kifaransa yanamfaa anayetaka kusali adhuhuri. Wakati wa baridi jua la Paris hufika utosini karibu na saa 6:50, wakati watu bado wako kwenye chakula. Na jambo la faraja kwa wanaohamia na watoto wadogo: katika miaka hii Ramadhani inaangukia msimu wa baridi, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Desemba. Mtoto atajifunza kufunga katika siku fupi.

Kwa Mkristo, Ujerumani inailinda Jumapili kikatiba na maduka mengi hufungwa. Hospitali na nyumba za wazee hazifungwi popote, na zamu za Jumapili ndizo zinazowatoa waumini wetu kanisani taratibu kuliko hoja yoyote ya mkana Mungu.

Ibada ya Kiswahili au ya wenyeji?

Hapa familia nyingi hugawanyika, nami nina msimamo. Ibada ya Kiswahili inamlinda mzazi. Anamkuta mtu wa kumsimulia msiba wa nyumbani, anaimba pambio analolijua bila kitabu, anaulizwa mbona wiki jana hakuja. Mara nyingi ibada hiyo hufanyika mchana katika kanisa la kukodi, wenyeji wakishamaliza yao, na chai ya baadaye ina uzito kama mahubiri. Mzazi asiiache.

Lakini mtoto wa miaka 12 anakabiliwa na jambo ambalo sisi hatukukabiliwa nalo. Mwenzake atamuuliza kwa nini anaamini, tena bila ubaya, kama mtu anavyouliza kwa nini huli kitu fulani. Na atamuuliza kwa Kijerumani au Kiingereza. Mtoto aliyehifadhi Juzuu Amma yote kwa sauti nzuri bila kuambiwa maana ya sura hata moja, au anayeijua Katekisimu Ndogo kwa moyo katika lugha asiyoitumia kufikiri, hana cha kujibu, na ukimya huo akiurudia mara nyingi huanza kuamini kwamba jibu halipo. Kwa hiyo napendekeza mzazi asali kwa lugha yake, na mafundisho ya mtoto yafanyike kwa lugha ya shule, kwa mwalimu anayeruhusu maswali. Walutheri wana bahati zaidi hapa: Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, na dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zina uhusiano wa muda mrefu na sharika za Kijerumani. Barua ya mchungaji wa nyumbani inaweza kumfungulia mtu mlango wa usharika wa huko kabla hajashuka kwenye ndege.

Nani aende wapi

Familia ya Kiislamu yenye mabinti wanaokaribia umri wa hijabu, au mama anayeivaa kazini, ichague Uingereza ikiwa ina uwezo wa kuchagua. Tahadhari yangu ni kwamba wepesi huo unaweza kulea mavazi bila sala, na mzazi asiridhike na anachokiona mlangoni. Walutheri na Wakatoliki wenye watoto wa shule ya msingi nawashauri Ujerumani, nje ya Berlin, wakiwa tayari kulipa kodi ya kanisa na kukubali kwamba mtoto atafika miaka 14. Walokole watapata makanisa mengi yenye wachungaji wa Kiafrika London kuliko penginepo katika miji ninayoilinganisha hapa. Ufaransa ni ya wale ambao Kifaransa au ndugu zao tayari wanawapeleka huko. Wao waishike Jumatano, na Wakristo waitazame Strasbourg.

Mwenye mtoto wa miaka 13 na zaidi aketi naye kabla ya kuamua, amweleze mambo haya yote na amsikilize, maana huko atakuwa na sauti ambayo nyumbani hakuwa nayo. Na yeyote anayekaribia kutia saini mkataba wa kazi afanye mawili kwanza: atafute kwenye ramani msikiti au kanisa lililo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nyumba anayotaka kukodi, na aulize kwa maandishi utaratibu wa zamu za Ijumaa mchana au Jumapili asubuhi. Kabla ya kusaini, mwajiri huwa tayari kuyajibu hayo. Baada ya kusaini, huwa ni ombi la hisani.